Mimbari ni ya mchungaji, sanduku ni la usharika

Familia iliyofiwa haipaswi kuulizwa kwanza kama marehemu alimaliza ahadi yake ya sadaka. Tunaanza na hili kwa sababu, katika yote yanayohusu mamlaka ya wachungaji kwenye sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), hili ndilo linalouma zaidi na ndilo watu wanalolisema kwa kunong'ona.

Chukua kata ya Levolosi, hapa katikati ya Jiji la Arusha. Wanaoishi pale ni Waarusha, Wameru, Wachaga, Wapare, Wairaqw na wengine wengi walioletwa na biashara na kazi za mjini. Mtu akifariki, mara nyingi ndugu humsafirisha kwao: Ilboru, Poli, Nkoaranga, Machame, Mbulu. Usharika wa kule hutaka kujua kutoka usharika wa mjini kama marehemu alikuwa msharika hai. Swali hilo ni halali. Kanisa lina haki ya kujua linamzika nani. Kosa linaanza pale uhai wa msharika unapopimwa kwa bahasha, na jibu linapobaki mikononi mwa mtu mmoja ambaye hakuna wa kumuuliza. Mama aliyeuza nyanya miaka mingi, akaugua mwaka mzima, akashindwa kutoa hata shilingi, hana deni mbele za Mungu la kukatiwa stakabadhi huku jeneza likisubiri.

Tunajua wachungaji wengi hawafanyi hivyo. Wapo wanaotoka usiku kwenda kusali na mgonjwa, wapo wanaolipa nauli za wafiwa kutoka mfukoni mwao. Lakini utaratibu mzuri hauwezi kutegemea kwamba mchungaji aliyepo ni mtu mwema. Mwaka ujao atahamishwa, atakuja mwingine. Kwa hiyo swali letu halimhusu mchungaji yeyote kwa jina lake. Tunauliza mamlaka yake yanaanzia wapi, na yanaishia wapi.

Yanakoanzia panajulikana. Walutheri wana Ungamo la Augsburg tangu 1530, na wachungaji wote wa KKKT huahidi kulifuata wanapobarikiwa. Kifungu cha 14 kinasema mtu asihubiri wala kutoa sakramenti hadharani bila kuitwa kwa utaratibu. Kifungu cha 28 kinaeleza nguvu za askofu na mchungaji: kuhubiri Injili, kubatiza, kutoa Chakula cha Bwana, kutangaza msamaha, na kumzuilia msamaha huo anayeng'ang'ania dhambi waziwazi. Ni mamlaka makubwa. Hakuna mzee wa kanisa, mfanyabiashara wala mheshimiwa yeyote wa kiti cha mbele mwenye ruhusa ya kumwambia mchungaji apunguze makali ya Neno kwa sababu limemgusa. Mchungaji anayekemea rushwa mbele ya mla rushwa anafanya kazi aliyoitiwa, na usharika unapaswa kusimama nyuma yake bila kutikisika.

Kifungu hichohicho, hata hivyo, kinaweka mpaka. Nguvu hizo hutumika kwa Neno, bila shuruti ya kibinadamu. Kununua kiwanja, kuchagua fundi, kupanga kiwango cha ahadi, kushika funguo za ofisi ya hazina, kuamua nani aketi barazani: hayo hayatoki kwenye joho. Usharika unaweza kumshirikisha mchungaji katika hayo, na kwa desturi yetu yeye ndiye huongoza vikao vya baraza la wazee. Lakini anayaongoza kwa niaba ya washarika, nao wanaweza kumuuliza. Mwaka 1523 Martin Luther aliandika kijitabu kizima kutetea haki ya mkutano wa Wakristo kupima mafundisho ya wanaowafundisha, kuwaita, na hata kuwaondoa. Mchungaji wa Kilutheri anayesema "mimi siulizwi" anakwenda kinyume na mwalimu wake mwenyewe.

Kuna habari moja kutoka Ujerumani na Marekani inayofaa kusimuliwa huku, kwa sababu inahusu ndugu wa karibu wa waliotuletea Ulutheri. Mjini Dresden, katika nchi ya Saksonia, alikuwapo mchungaji Martin Stephan, mhubiri aliyevuta watu kutoka mbali. Mwishoni mwa 1838 aliongoza watu zaidi ya 600 kuhamia Marekani, wakikimbia kanisa waliloliona limepoa. Njiani walimkubali kuwa askofu wao na wakaahidi kwa maandishi kumtii katika mambo ya kanisa na hata ya maisha yao ya kila siku. Akiba zao walikuwa wameziweka kwenye hazina moja ya pamoja, naye akaitumia atakavyo. Mei 1839, huko Missouri, alishtakiwa kwa uzinzi na kwa kutumia vibaya fedha. Wakamvua cheo, wakampandisha kwenye mashua na kumvusha hadi ng'ambo ya mto Mississippi.

Baada ya hapo walishikwa na hofu ambayo ni somo kubwa kuliko kashfa yenyewe. Watu wale walianza kujiuliza kama bado ni kanisa. Askofu ameondoka, je, ubatizo wao ni halali? Wachungaji waliobaki wana haki ya kuhubiri? Walikuwa wamefundishwa kwamba kila kitu kinamshukia muumini kupitia mtu mmoja, na mtu yule alipoanguka walidhani vyote vimeanguka naye. Aprili 1841, katika kijiji cha Altenburg huko Missouri, mchungaji kijana Carl Ferdinand Wilhelm Walther alisimama kwenye mdahalo wa hadhara akawaonyesha kwamba Kanisa lipo palipo na waaminio, Neno na sakramenti, na kwamba waaminio hao wanaweza kumwita mchungaji. Watu wakapata nguvu tena.

Sasa tazama tarehe. Chama cha misheni ambacho baadaye kilihamia Leipzig na kuitwa Misheni ya Leipzig kilianzishwa Dresden hiyohiyo, mwaka 1836, miaka miwili kabla ya msafara wa Stephan. Ndicho kilichowatuma wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliouawa Akeri, Meru, Oktoba 1896. Ndicho kilichorudi na kufungua kituo cha Nkoaranga mwaka 1902 na cha Ilboru mwaka 1904. Mlima Meru ulipokea Injili kutoka kwa watu ambao majirani zao walikuwa wameonja uchungu wa mchungaji asiyeulizwa. Kwa bahati mbaya wamisionari wetu hawakuisimulia sana habari hiyo. Walikuja pamoja na utawala wa kikoloni, na kwa miaka mingi Mwafrika kwenye vituo vyao alikuwa mwalimu, mwinjilisti, mpiga kengele. Uamuzi ulibaki kwa bwana misionari. Joho walivaa wao. Waafrika wa kwanza wa misheni hiyo katika nchi hii walibarikiwa kuwa wachungaji miaka ya 1930, takribani miaka 40 tangu yafanyike mauaji ya Akeri. Tabia ya kuona kwamba mwenye joho ndiye mwenye kituo, shule, shamba na fedha haikuzaliwa Levolosi. Tuliirithi.

Lakini tulirithi kingine pia, na hiki tunakitaja mara chache mno. Mwaka 1920, baada ya vita, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Sharika za mlima huu zilibaki bila wachungaji wao kwa muda wa miaka kadhaa. Zilisimama. Walimu Waarusha na Wameru waliendelea kufundisha, kukusanya watu Jumapili, kuzika wafu na kuwaandaa watoto kwa ubatizo. Vita vilipoanza tena mwaka 1939 Wajerumani waliwekwa kizuizini, na kwa mara ya pili watu wa hapa wakashika kazi. Anayedhani usharika hauwezi kupanga mambo yake bila kuamriwa kutoka ofisi ya mchungaji aisome miaka hiyo. Babu zetu hawakuwa na shahada ya theolojia, hata chuo cha Makumira hakikuwapo, lakini walijua ni nani mgonjwa, ni nani yatima, na sadaka ya wiki iliyopita imetumikaje.

Wala si kwamba mila zetu zilitufundisha utii wa kufumba macho. Waarusha wana laigwanani, msemaji wa rika. Ana heshima kubwa, husikilizwa, lakini hatoi amri: hukaa, husikia kila aliye na neno, kisha hulisema lile ambalo mkutano umelifikia. Wameru wana washili, viongozi wa koo, na mshili naye huzungumza baada ya ukoo kukaa. Mzee anayekaa kikao cha rika Jumamosi akahoji kila jambo kwa ufasaha, halafu Jumapili akaketi baraza la kanisa kama bubu, ameacha kitu cha thamani mlangoni. Tunamwambia kwa upendo na kwa msisitizo: ingia nacho.

Maana lawama ya mamlaka yaliyovuka mpaka haimwangukii mchungaji peke yake. Mchungaji hawi mfalme mpaka wazee wakubali kuwa watumishi wa ikulu. Baraza linapitisha matumizi bila kuona hati. Mtunza hazina anasaini hundi tupu kwa sababu "mtumishi ana haraka". Taarifa ya fedha inasomwa mwisho wa ibada, haraka haraka, kati ya tangazo la kwaya na mnada wa kuku, na hakuna anayenyanyua mkono kwa kuogopa kuitwa mpinzani wa kazi ya Mungu. Kuuliza kunahesabiwa utovu wa adabu. Tunasema hapana. Fedha iliyotolewa kwa Mungu inahitaji maelezo zaidi kuliko fedha nyingine yoyote, na anayeyaomba maelezo hayo analijenga Kanisa.

Arusha ina sababu ya pekee ya kulijua hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, deni la hoteli ya Corridor Springs liliilemea Dayosisi ya Kaskazini Kati, na washarika wakatakiwa kuchangia ili kuokoa mali ya Kanisa. Wengi walichangia. Wengi pia waliuliza, kwa haki kabisa, ni lini wao waliulizwa kabla mkopo haujachukuliwa. Mtu wa mlima huu ni mtoaji: Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 walichanga wenyewe kumpeleka Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata, na walichanga kwa sababu walijua nauli ni ya nani na anakwenda kusema nini. Walitoa wakijua.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao hatuwezi kuuacha. Wakati mwingine washarika wenyewe humpandisha mchungaji mahali ambapo hapaswi kukaa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanda magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, maarufu kama Babu. Kikombe kilikuwa Sh500. Mti ulijulikana, maji yalijulikana, lakini iliaminika kwamba dawa inafanya kazi tu ikitolewa kwa mkono wake. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi, wagonjwa wengine walifia njiani, wengine waliacha dawa zao za hospitali. Viongozi wa serikali walikwenda kunywa, na viongozi wa Kanisa walimuunga mkono. Hatusemi Babu alikuwa mtu mbaya. Bei ile haikuwa ya tapeli. Tunasema Kanisa lilipaswa kusimama siku ile likawauliza watu: kwa fundisho lipi la Kilutheri baraka imefungwa kwenye mkono wa mtu mmoja? Sakramenti yenyewe, kwa imani yetu, haitegemei wema wala upekee wa anayeitoa. Iweje mti wa porini utegemee?

Hata pasipo dawa wala muujiza, umaarufu huleta shida ya aina hiyo. Januari 2023 katika Usharika wa Kijitonyama, Dar es Salaam, ilitangazwa kwamba Mchungaji Eliona Kimaro amepewa likizo ya siku 60. Washarika walipinga hadharani, na habari ikatawala nchi nzima. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zilionyesha ugonjwa mmoja. Uongozi ulipeleka uamuzi mzito kwa watu bila kuwaandaa wala kuwaeleza, kana kwamba ni barua ya mwajiri kwa karani. Na washarika waliolia kwamba hawatasali bila mtu huyu walisahau kwamba hawakubatizwa kwa jina lake. Mchungaji mwenye kipawa ni zawadi. Lakini usharika unaomtegemea mtu mmoja utayumba siku akistaafu, akiugua au akifa.

Huko Mbeya mambo yalikwenda mbali zaidi. Mgogoro wa kuhamisha makao makuu ya Dayosisi ya Konde kutoka Tukuyu kwenda mjini Mbeya uliishia kwa mkutano mkuu wa dayosisi kumwondoa Askofu Edward Mwaikali mwaka 2022 na nafasi yake kushikwa na Geoffrey Mwakihaba. Na sisi huku hatuna cha kujivunia. Kati ya 1990 na 1993, ugomvi wa Wameru waliotaka kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini yenye makao Moshi uliwagawa ndugu wa damu. Nyumba zilichomwa, watu walipoteza maisha, waliokuwa wakila meza moja ya Bwana walikataa kuzikana. Meru ilipata dayosisi yake ndani ya KKKT, na kundi jingine likaenda njia yake. Ukizungumza na wazee wa Poli au Akeri utasikia kwamba jeraha lile limepona juu tu. Chanzo kilikuwa na mengi, siasa na ardhi na ukabila vikiwamo, lakini jambo moja linajirudia Meru, Konde na Kijitonyama: watu walihisi kwamba jambo lao linaamuliwa mahali ambapo hawapo, na walipotaka kuuliza hawakuona mlango. Pasipo mlango watu huvunja ukuta.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo, na tunayapendekeza kwa sharika za hapa mjini kwanza, kwa sababu ndizo zenye fedha nyingi, watu wengi na wageni wengi wasiojuana.

Suala la mazishi liondolewe kabisa kwenye deni la ahadi. Baraza la wazee la kila usharika liamue hivyo kwa kauli moja na liliandike kwenye kumbukumbu zake. Kama ipo sababu ya kiroho ya kumzuilia mtu maziko ya Kanisa, sababu hiyo ijadiliwe na baraza, isiamuliwe na mchungaji peke yake wala mzee wa jumuiya peke yake. Familia ielezwe sababu hiyo mapema, ana kwa ana. Ukosefu wa fedha usiwe sababu, hata kwa jina jingine.

Kumtenga msharika na Meza ya Bwana nako kunahitaji macho zaidi ya mawili. Mchungaji ana wajibu wa kuonya, na wakati mwingine kuzuia. Lakini binti aliyepata mimba kabla ya ndoa husimamishwa mbele ya watu wote, na mwanaume aliyempa mimba, akiwa mtu mwenye uwezo, hukaa palepale kwenye benchi lake akipokea divai. Hilo limefanyika vizazi kwa vizazi na bado linafanyika. Kanisa lililoamua mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji halina kisingizio cha kuendelea kuwaadhibu wanawake peke yao. Marudi yawe na utaratibu ulioandikwa, uwe sawa kwa maskini na tajiri, kwa mke na mume, na aliyetengwa awe na mahali pa kukata rufaa, kwa mkuu wa jimbo na zaidi yake.

Fedha zisomwe kwa robo mwaka, zibandikwe ubaoni, na nakala ipelekwe kwenye kila jumuiya. Jumuiya za Levolosi zinazokutana kabla ya kazi au jioni baada ya maduka kufungwa ndizo mahali pazuri pa kuuliza, kwa sababu pale mama ntilie ana sauti sawa na meneja wa benki. Mchungaji asiwe na saini kwenye akaunti ya usharika. Ukweli ni kwamba sheria hii itamlinda yeye kuliko itakavyomlinda mtu mwingine yeyote: siku fedha zikipotea, jina lake halitakuwapo.

Kuhusu uhamisho, dayosisi ina haki ya kuwapanga watumishi wake, na haki hiyo tunaitetea. Usharika haummiliki mchungaji. Lakini baraza la wazee lielezwe kabla ya barua kusomwa kanisani, na kama kuna tuhuma, mchungaji mwenyewe asikilizwe na chombo ambacho mtuhumu wake si mwenyekiti wake. Mchungaji anayeweza kuondolewa kwa wiki moja bila maelezo hujifunza kuogopa ofisi kuliko anavyomwogopa Mungu, na mahubiri yake yatasikika hivyo.

Na wazee wa kanisa wafundishwe kazi yao. Wengi huchaguliwa kwa sababu ni wazee wa umri au ni watoaji wazuri, kisha hubarikiwa na kuachwa. Chuo Kikuu cha Makumira kipo njiani kuelekea Usa River, mwendo mfupi tu kutoka mjini, na kimejaa walimu wa theolojia na wa sheria. Dayosisi ikiomba, semina za siku mbili kwa wazee wapya zinaweza kuanza mwaka huu: namna ya kusoma hesabu, kifungu cha 28 cha Ungamo la Augsburg kinasema nini, na namna ya kumwambia mchungaji "hapana, mchungaji" kwa heshima na bila kutetemeka.